Maji ya Pipa Moja

Landrova ya ofisi yetu, watu wa kando ya ziwa waliiita gari la kipindupindu. Hawakumaanisha kwamba inakuja kupambana na kipindupindu. Walimaanisha inakileta. Kwao hesabu ilikuwa rahisi: gari likionekana kijijini, wiki hiyohiyo watu wanaharisha, na wengine wanazikwa. Kwamba tulikwenda pale kwa sababu ugonjwa ulishatutangulia, hilo hakuna aliyetaka kulisikia, na mimi nilichoka kulieleza mapema sana.

Ofisi yenyewe ilikuwa vyumba viwili Musoma mjini, na kazi yake ilikuwa elimu ya afya kwa mkoa mzima. Hatukumtibu mtu. Fedha zilikuwa za serikali na kazi ilikuwa maneno matupu. Amri ilitoka Dar es Salaam, ikafika kwa mkubwa wangu, naye akaipunguza mpaka ikawa sentensi tatu zinazoweza kusomwa kwenye kipaza sauti bila gari kusimama sana. Mimi nilikuwa msomaji. Dereva wangu alikuwa mzee mmoja wa upande wa Butiama, mfugaji, aliyeendesha gari kwa upole kana kwamba anaswaga ng'ombe wajawazito. Mkubwa alipenda kusikia tumepita vijiji vingi. Hakuniuliza hata siku moja tuliacha nini tulikopita, na mafuta ya kurudi kuangalia hayakuwapo.

Miaka ya foleni, wakati maduka hayakuwa na sabuni hata ya kumwogeshea mtoto mchanga, tuliletewa mabango ya mama mnene anayenawa mikono kwa sabuni. Wanawake wa Bunda waliyatazama kwa hamu, wakaniuliza ile sabuni tunaigawa lini. Baadaye niliyakuta mabango yale yamejalidi madaftari ya watoto wa shule, na mengine yameziba matundu ya ukuta wa kilabu cha pombe kule Nyasho. Nilicheka, lakini nilikasirika pia. Mimi si mtu wa kutulia. Kusoma sentensi tatu zilezile kutwa nzima kulinifanya nichezeshe miguu ndani ya gari mpaka dereva akawa ananiuliza kama nataka asimame nikajisaidie.

Msimu ninaousimulia hapa, mambo yalikuwa yameanza kulegezwa. Sabuni ilianza kuingia kupitia mpakani Sirari, mitumba ikajaa minadani, na watu wakaanza kusema "ruksa" kwa kila kitu. Ndipo kipindupindu kikashika vijiji vya ziwani. Sentensi yetu ya tatu ikawa hii: ni marufuku kupika na kula msibani.

Anayejua kwetu atajua uzito wake. Msibani watu hawanawi kila mtu na maji yake. Beseni moja linapita mkono kwa mkono, kuanzia kwa wazee hadi kwa watoto, na kila mtu anachovya kabla ya kugusa ugali. Anayekataa kuchovya, watu wanamtazama. Wanajiuliza ana jambo gani na marehemu. Kwa hiyo kila mtu anachovya, hata yule aliyetoka kumuuguza mgonjwa asubuhi hiyo, na pale ndipo ugonjwa ulipopita. Mkubwa wangu alijua habari za beseni, nilimweleza mwenyewe. Alisema amri haijataja beseni, imetaja chakula.

Shangazi yangu alifariki katikati ya msimu huo. Hakufa kwa kipindupindu, alikufa kwa uzee wake, kijijini kwetu kwenye rasi. Yeye ndiye aliyenilea nilipokuwa mdogo, wakati mama anahangaika na shamba la pamba, na tangu baba afariki, wawili hao, mtu na wifi yake, walikuwa wakizeeka pamoja kwenye mji mmoja. Hakukuwa na usafiri mwingine, nikaenda na Landrova.

Tulipokaribia, vilio vilikatika. Mwanamke mmoja alimbeba mwanawe mgongoni akakata kushoto, akaingia mihogoni. Dereva alizima gari.

"Hii gari wanaiogopaga," alisema. "Wewe shuka hapa, mama. Mimi nikaifiche nyuma ya ghala la pamba."

Nilitembea peke yangu hadi nyumbani, na aibu niliyoisikia siku ile sijaisahau. Mama nilimkuta jikoni, nje, masufuria makubwa matatu yapo motoni, na nyama imeshakatwa. Nilimsalimia, tukalia kidogo, kisha nikamwambia kilichonileta pamoja na msiba.

"Mama, zima moto. Imekatazwa kupika."

"Nani amekataza?"

"Serikali. Mimi mwenyewe ndiye ninayetangaza."

"Basi nenda ukatangaze huko barabarani. Huyu aliyelala ndani alikutafunia chakula ukiwa huna meno."

"Mama, kuna watu hapa wametoka vijiji vyenye ugonjwa. Wakichovya beseni moja watakufa."

Aliweka mwiko chini. Hakuwa mtu wa kupandisha sauti, na ndiyo maana nilimwogopa.

"Wametembea tangu asubuhi," alisema. "Wakiondoka na njaa hapa, mimi nani atanizika? Utanizika wewe na dereva wako?"

Nilizunguka ile nyumba sijui mara ngapi. Nilikwenda hadi ziwani nikarudi. Nilimwona mwenyekiti wa kijiji ameketi na wazee, ananikwepa macho, maana yeye naye alikuwa amesikia tangazo langu na harufu ya nyama anaisikia. Niliona beseni lenyewe, la bati, limeegemezwa ukutani likingoja. Niliogopa kweli. Niliwaogopea watoto zaidi, kwa kuwa wao ndio wanaochovya mwisho, maji yakishakuwa meusi.

Nikarudi jikoni. Nikamwambia mama apike, ila asitoe beseni. Watu wamiminiwe maji kwa jagi, kila mtu anawe ya kwake yamwagike chini.

"Watasema tumewabagua," mama alisema. "Watasema tunaogopa kuchovya pamoja nao kwa sababu tuna jambo."

"Sasa tufanyeje?"

Alichochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

"Maji yatoke pipa moja, mbele ya watu," alisema. "Na umimine wewe. Kwa magoti, kama mwali. Usiniletee mtu mwingine."

Nilikuwa nimevaa sketi ya ofisi na viatu vya kisigino. Nilivua viatu. Dereva aliposikia, alikwenda kwenye gari akarudi na mche mzima wa sabuni alioununua Bunda ili ampelekee mkewe, kitu ambacho miaka miwili nyuma mtu angekificha chini ya godoro. Akaukatakata kwa panga vipande vidogo. Dawa ya maji nilikuwa nayo garini, nikaitia kwenye pipa kila mtu akiona, na mama akasimama kando yake na khanga yake ya msiba kiunoni.

"Maji ni ya pipa moja," aliwaambia watu. "Wote tunanawa hayo. Anayewanawisha ni mtoto wa marehemu. Asiyetaka mkono wa mtoto wa marehemu, aseme."

Nani angesema? Mzee wa kwanza alinyoosha mikono. Nilipiga magoti nikamimina. Nilihama kwa magoti kutoka mtu hadi mtu, wazee, wanawake, wanakwaya, wavuvi wenye mikono iliyochanwa na nyavu, mpaka watoto. Wengine walikuwa wamewahi kunitukana barabarani nilipokuwa kwenye kipaza sauti. Sasa walisema "asante, mama" kwa sauti ndogo. Magoti yalichubuka. Kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe, niliona kwa macho yangu mtu akifanya nilichosema.

Siku zilizofuata sikutulia. Kila nikisikia pikipiki inasimama nje ya ofisi nilidhani imeleta habari kutoka kwetu. Habari hiyo haikuja. Katika walionawa pale hatukusikia aliyeugua. Sijui kama ni jagi au ni bahati, na sitajifanya ninajua.

Mkubwa wangu habari zilimfikia kwa njia nyingine.

"Umevunja tangazo lako mwenyewe," aliniambia.

"Tubadilishe tangazo, mzee. Tuwaambie wamimine, waache beseni. Hilo watalikubali."

"Bibi afya, tangazo si lako wala si langu. Wewe soma."

Nikasoma. Wiki iliyofuata tulikuwa Nyamuswa, palepale stendi, kulikuwa na msiba jirani. Nilikuwa nimefika sentensi ya tatu mwanamke mmoja alipojitokeza kwenye umati, sufuria tupu mkononi.

"Kwenu mlikula," alisema. "Tumesikia. Sisi ndio hatunaga wafu wa kuheshimu?"

Watu walicheka, kisha wakaacha. Dereva alinitazama kwenye kioo. Nilizima kipaza sauti, nikashuka, nikamwomba yule mwanamke anitafutie jagi, na kama sabuni hakuna, majivu. Nilimweleza kuhusu pipa moja na mtoto wa marehemu kama mama alivyosema, neno kwa neno, kwa kuwa sikuwa na maneno bora.

Kwa hilo nilitolewa kwenye gari. Niliwekwa stoo, kulinda mabango. Mkubwa hakuwa mtu mbaya. Alihofia kazi yake, na kazi zenyewe zilikuwa zimeanza kuyumba. Miaka ya ruksa ilipokolea, serikali ilipunguza watu, na ofisi kama yetu, isiyotoa hata kidonge, ilikuwa rahisi kupunguza. Landrova ikaozea nyuma ya jengo. Mimi nikafungua genge Nyasho. Nikauza sabuni, na mteja asiponunua sikuwa na sentensi ya kumsomea. Nilikuwa na uchungu kwa miaka mingi. Nilijiona nimepoteza ujana wangu nikipigia watu kelele barabarani.

Mama alifariki mimi nikiwa bado na genge. Nilifika kijijini nimechelewa, basi liliharibika njiani, na njia nzima niliwaza jambo moja tu: kama watu wamekuja. Walikuwa wamejaa mpaka kwenye mihogo. Wengine sikuwajua, walitoka ng'ambo ya rasi kwa mitumbwi. Nilikaa chini na wanawake.

Chakula kilipoiva, binti mmoja wa umri wa kuolewa alinijia na jagi na kipande cha sabuni. Akapiga magoti. Nyuma yake niliona pipa limewekwa katikati, peupe, na mwanamke mzima amesimama kando yake.

"Mama mgeni, nawa," aliniambia.

"Beseni liko wapi?" nilimuuliza.

Alinishangaa.

"Huku kwetu msiba hauna beseni, mama. Maji ni ya pipa moja, anamimina mtoto wa nyumba, mimi namshikia tu mpaka afike. Tunafanyaga hivyo tangu zamani za mababu."

Nilitaka kumwambia ilikoanzia. Nilifungua mdomo kabisa. Kisha nikamwomba lile jagi, nikamwambia mtoto wa nyumba hii ni mimi, nikavua viatu.