Bonyeza, Tekla

Mchele wa Ifakara ukiupata, usikimbilie kuuosha. Fungua mfuko, ingiza pua, nusa kwanza. Mimi hufanya hivyo jikoni kwangu hapa Dodoma, na wanangu hunicheka, eti mama anasalimiana na mchele. Wacheke tu. Harufu ile ikishanifika, mimi sipo tena jikoni. Nipo shambani kwetu, njia ya kwenda Mlimba, miaka ya tisini, matope yamejaa katikati ya vidole vya miguu, na kaka yangu Beno ananifokea kutoka juu: "Mbele! Mbele! Chini! Teke!"

Nianze na Beno mwenyewe. Mimi nilikuwa na miaka tisa, yeye kumi na miwili. Mguu wake wa kushoto ulipooza akiwa bado mchanga, ukabaki mwembamba kama mpini wa jembe, na alitembea kwa kuegemea fimbo ya mpera. Nyumbani kwetu kulikuwa na amri moja: Beno asianguke. Nilizaliwa nikaikuta, na nadhani niliishika kuliko zile kumi za Mungu. Nilimbebea daftari, nilimtangulia penye utelezi, nilimpa mkono kwenye kila ngazi, awe ameuomba au hakuuomba.

Pale mjini Ifakara, jirani na soko, mfanyabiashara mmoja wa mpunga alileta gemu ya kupigana, akaiunganisha na televisheni katika chumba cha nyuma ya duka lake. Wavulana walijaa humo mpaka kuta zikatoka jasho. Sisi wasichana mwisho wetu ulikuwa dirishani. Katika wapiganaji wote, Beno alimchagua mmoja tu kila siku, mcheza karate mwenye vazi jeupe na mkanda kiunoni. Jina lake liliandikwa kwa herufi tusizozijua. Lakini tulikuwa watoto wa misa, na kwetu mwanamume mwenye vazi jeupe lililofungwa kiunoni alijulikana. Tulimwita Padri.

Siku Mama alipomsikia Beno akinisimulia kwamba Padri amempiga mtu teke la shingo mpaka akazimia, aliacha mwiko umesimama kwenye ugali. "Padri gani huyo? Wa hapa parokiani?" Ilibidi tumweleze mara tatu, na bado sidhani kama aliamini.

Mbele ya ile mashine hakuna aliyemweza Beno. Vidole vyake vilikuwa vyepesi mno. Padri akiruka, mimi dirishani nilimwona Beno akijinyanyua kidogo kwenye benchi, yeye na mguu wake. Na Padri akipigwa chini, Beno hakutikisika. "Stelingi hafi," alisema, kama tulivyosema juu ya shujaa wa filamu sote tulioonja mabanda ya video, halafu akaendelea kubonyeza mpaka Padri akasimama.

Mpunga ulipoanza kujaa maziwa, watu walihamia mashambani kuamia ndege, na sisi tukafunga mlango tukaenda. Kwelea wakitua kwenye mpunga kwa saa moja, umelima bure. Mashine ikabaki mjini. Beno alinyong'onyea siku mbili. Siku ya tatu alichonga kibao, akakigongomelea vizibo sita vya soda, kisha akanivisha shati jeupe kuukuu la Baba lililonifika magotini, akanifunga kamba ya katani kiunoni.

"Wewe ndiye Padri," aliniambia. "Mimi nabonyeza."

Alikaa juu ya dungu letu, lile jukwaa la miti la kuwaangalizia ndege, ambalo alilipanda mwenyewe kwa nguvu za mikono. Mimi nilikuwa chini kwenye tope. Adui alikuwa ile sanamu ya kutishia ndege, tumbo la gunia lililoshindiliwa majani makavu. Beno alibonyeza na kuita, mimi nikapiga na kupiga kelele, na kwelea, ambao sanamu yenyewe walishaizoea, waliruka wingu zima wakaenda kuwasumbua majirani. Mama naye akazoea. Tukinyamaza kidogo, utamsikia kutoka kwenye kibanda: "Mbona kimya? Padri amelala?"

Beno aliniahidi kwamba tukishavuna nitashika vibonyezo vya kweli, ndani kabisa, si dirishani. Niliingoja siku hiyo kuliko Krismasi.

Ila jua la bondeni halina mzaha. Mchana mmoja nilichoka, nikavua shati la Padri na kulirusha juu ya dungu, nikabaki na gauni langu. "Kila siku mimi napiga, wewe umekaa tu. Leo Padri uwe wewe!"

Neno likishatoka halirudi. Nilisubiri anitukane. Beno aliliangalia lile shati, kisha akaiangalia sanamu.

"Haya, panda," alisema. "Lakini ubonyeze kweli. Usinihurumie."

Alishuka, akavaa, akailaza fimbo chini. Nikabonyeza ngumi, akapiga ngumi. Nikabonyeza mbele, akaenda mbele, anayumba. Sijawahi kumwona tena na uso ule, wa mtu aliyeogopa na kufurahi kwa wakati mmoja. Nami nikakolea. Kabla sijafikiri, kidole kilishakwenda kwenye kizibo cha mwisho na mdomo ulishaita: "Teke!"

Akausimamia ule mguu mwembamba, akaurusha ule mzima. Teke lilifika. Naapa lilifika, lilimpata adui tumboni mpaka majani yakamwagika. Kisha Beno akaanguka chali kwenye tope.

Alikuwa anacheka. Uso wote tope, na anacheka. "Bonyeza, Tekla! Bonyeza ninyanyuke!"

Sikubonyeza. Nilitupa kibao, nikaruka chini, nikamshika kwapani huku nalia na kumwita Mama. Beno akausukuma mkono wangu. "Niache! Wewe bonyeza tu!"

Mama alifika mbio, akanizaba kofi, akamnyanyua Beno kama mtoto wa kunyonya. "Mguu wa mwenzio unaujua, halafu unamchezesha hivi?"

Kicheko kilikuwa kimeshamtoka. "Mama," Beno alisema kwa sauti ndogo, "Padri nilikuwa mimi."

Mama hakumwelewa. Mimi pia sikumwelewa. Shati lilifuliwa likakunjwa, na siku zilizobaki tuliamia ndege kwa kugonga debe kama watu wengine.

Tulivuna, tukarudi mjini, na nilijua ahadi yangu imekwenda na maji. Lakini Jumapili moja baada ya misa Beno alinishika mkono, akanipitisha katikati ya wavulana, akamwambia mwenye duka, "Shikamoo, mzee. Leo anacheza mdogo wangu." Wavulana wakaguna. Nikakaa kwenye benchi, nikamchagua Padri, na nikapigwa kama ngoma. Padri alipolala chini niligeuka kumpa Beno vibonyezo aniokoe. Alikuwa nyuma yangu, mikono yote miwili juu ya fimbo. Hakuvipokea.

"Bonyeza," aliniambia.

Nikabonyeza. Padri akasimama, akapigwa tena, nikashindwa, chumba kizima kikashangilia. Nilinuna njia nzima mpaka nyumbani. Angeweza kuniokoa na hakutaka.

Tukakua. Beno akajifunza kutengeneza redio, akafungua kibanda chake Mlimba, na kila alipokuja kutusalimia nilimpa mkono kwenye kila ngazi, kama zamani. Mara ya mwisho nilimsindikiza stesheni. Ngazi ya behewa ilikuwa juu, na nilishamnyooshea mkono. Aliutazama. Aliutazama tu, na mimi, mwanamke mzima wa miaka ishirini na sita, ndipo nilipomwelewa yule mtoto aliyekuwa anacheka kwenye tope. Nikaurudisha mkono, nikauficha mgongoni. Alipanda peke yake, polepole. Aliteleza mara moja, na moyo wangu ukateleza naye. Alipofika dirishani alinicheka, akatoa kidole gumba, akabonyeza hewa mara mbili.

Masika yaliyofuata homa ilimchukua, hukohuko Mlimba.

Namkumbuka sana kaka yangu. Sitamani makubwa. Natamani mchana ule mmoja tu, jua lilelile, yeye chini amejaa tope, mimi juu na kile kibao cha vizibo mikononi. Ningebonyeza.