Fundi wa nyasi aliyemwotesha mama mkwe ndevu

Saa moja asubuhi, Fundi Majani ameinamia ungo wenye mbegu za nyasi. Anazichambua moja moja, kama mtu anayetoa mawe kwenye mchele. Ndoo aliyoikalia inalia kila anapojisogeza.

"Nikikosea tena, bora nihame mji," anasema bila kuinua uso.

Ana miaka arubaini na mmoja na ni mtunza bustani wa ofisi. Nyumbani huotesha sura za watu. Hutundika gunia ukutani, hulipaka tope, kisha hupanda mbegu: kwenye nywele na nyusi nyingi, mashavuni chache. Hunyunyizia maji mara nne kwa siku, na siku ya kumi na mbili mtu mzima anakutazama kutoka ukutani, kijani kibichi. Majirani wanamsifu, naye sifa anazipenda.

Sifa hizo ndizo zilizomponza. Miezi mitatu iliyopita mama mkwe wake, mwalimu, alistaafu. Fundi akaahidi kumwotesha, na kwa kujiamini kupita kiasi hakuzichambua mbegu kuondoa za magugu. Siku tatu za mwisho aliifunika picha kwa shuka ili iwe ajabu kwa kila mtu. Hata yeye hakuchungulia; maji aliyanyunyizia juu ya shuka.

Magugu hayakungoja ruhusa. Shuka ilipovutwa kwenye sherehe ya kumuaga, mbele ya walimu na wanafunzi wa zamani, mama mkwe alikuwa na ndevu, tena za kuchana. Ukumbi ukaangua kicheko.

"Wao kucheka si hoja," anasema Fundi. "Mimi nilicheka nao. Mama akageuka akaniona. Nilitamani ardhi inimeze."

Tangu siku hiyo hajakanyaga ukweni. Kila akiitwa, ana mafua.

"Mafua ya miezi mitatu!" anadakia mkewe, anayeanika nguo hatua chache kutoka hapo. "Mama si mtoto, baba watoto. Halafu unapoteza muda na hizo mbegu. Mama hataki picha nyingine. Anataka kukusikia wewe."

Fundi, mtu mzima na heshima zake, amenywea kama mtoto aliyekaripiwa. Anausukuma ungo pembeni na kujifuta mikono kwenye suruali.

"Jumamosi nitakwenda," anasema hatimaye. "Mikono mitupu, bila hata jani. Nitakaa mbele yake nimwambie: mama, nilicheka."