Injini Si Sufuria

Nyee, nyee, nyee… nyeee. Hivyo ndivyo starta hulia gari likikataa kuwaka. Juzi asubuhi jirani yangu hapa Embu mjini alikuwa akihangaika na gari lake, na mimi niliyekuwa napiga pasi nikiimba, nikaketi chini kabisa. Mlio ule ulinirudisha nyumbani Kanyakine, nikiwa darasa la nne.

Baba alikuwa na pikapu kuukuu ya kubebea ndizi. Niliipenda kuliko shule, nisikudanganye. Kila Jumamosi tuliiosha ili iende kanisani, na baba hakuosha nje tu, alifungua boneti. Kwanza tulingoja injini ipoe. Kisha alifunika betri na distribyuta, kile kifaa cha kugawia plagi moto ambacho kikilowa gari haliwaki, kwa karatasi za nailoni, akazifunga kwa kamba za mgomba. Brashi ilikuwa yangu, maana mkono wangu ulipita mahali wake haukupita. "Polepole, mami," alikuwa akisema. "Injini si sufuria."

Basi jioni moja mjomba akapiga simu kutoka Runyenjes. Cucu, mama yake mama, amezidiwa, na kule kwao gari la kukodi halipatikani. Baba akasema, "Kesho alfajiri tunamchukua, moja kwa moja hospitali."

Cucu alipenda usafi, wewe! Akija kwetu alipitisha kidole juu ya meza kabla ya kusalimia watu. Nikawaza, atapanda gari chafu kweli? Wazazi wakiwa ndani wakipanga safari, nikachota jivu jikoni, nikapanda juu ya kreti, nikafungua boneti. Niliisugua injini ile kama sufuria iliyopikiwa githeri kwa kuni, nikaimwagia ndoo nzima ya maji, pwaa! Sikufunika kitu. Iling'aa. Nikalala nikitabasamu.

Alfajiri ikalia nyee, nyee, hadi betri ikachoka. Baba akafungua boneti, akaona jivu limeganda pembeni. Akaniangalia. Nilikuwa nimeshika mlango.

"Baba watoto, ni nini tena?" mama akauliza kutoka ndani ya gari.

Baba akatoa leso mfukoni, akalipangusa lile jivu haraka. "Ni umande tu. Umeingia kwenye distribyuta."

Tulingoja jua likaushe vyuma. Saa nne majirani wakasukuma, ikawaka. Tulifika Runyenjes saa sita. Wanawake walikuwa wameketi nje kwenye nyasi, na hakuna aliyeinuka kutulaki. Mama alishuka kabla gari halijasimama.

Pikapu ile iliuzwa kama chuma chakavu. Ilipokuwa ikisimama, mama amepanda sukuma wiki. Siku hizi asubuhi za baridi huutazama umande kwenye majani kama mtu aliyemkosea. Baba amezeeka. Mwaka jana nilijaribu: "Baba, ile siku ya cucu…" Akanikata: "Gari lilikuwa zee lile, mami. Kunywa chai."

Juzi hiyo hiyo nilizima pasi nikaenda Runyenjes, bila kumwambia mtu. Kaburi la cucu liko kando ya mibuni, na magugu yalikuwa yamelifunika. Nikapiga magoti nikayang'oa moja moja, mpaka udongo mwekundu ukaonekana wote. Halafu nikamwambia kwa Kiembu chake, kwa sauti, kwamba haukuwa umande, ni mimi.