Benita na laptop ya marehemu

Benita akikasirika, pasi yake inapata moto kabla hajaichomeka ukutani. Farasi wa kile kiwanja cha mashindano hapa Turffontein wanageuka na kukimbia kinyumenyume, na wenye kuwapanda wanabaki wamekaa hewani. Mwaka juzi alimkasirikia fundi bomba, robot zote za barabarani, zile taa za magari, zikawa nyekundu mpaka Rosettenville. Anayebisha aje awaulize majirani. Wote waliona, na wasioona niliwaeleza.

Ni fundi cherehani, mtu wa Uvira. Tumepanga nyumba moja, yeye chumba cha barabarani, mimi, ambaye ananiita Koko, yaani bibi, chumba cha jikoni, ua ni wetu sote. Mume wake Alexis alikuwa mlinzi katika maduka huko Randburg, mtu mrefu na mpole, ambaye akiingia ndani alikuwa anauomba msamaha mlango kwa kuuinamia. Baridi ikamshika mapafu, akatutoka, tukamzika.

Matanga yalipokwisha, ndugu za mume wakaja kuchukua vitu vya marehemu. Ndivyo wanavyofanya kwetu: mwanamume akifa, ukoo unakumbuka kwamba hata kijiko alichokuwa anakorogea chai ni cha ukoo. Mdogo wake, Joël, anayeuza viatu Yeoville, alibeba koti la ngozi, televisheni, saa, hata kofia ya kazini ambayo ni mali ya kampuni. Akafungua na laptop. Humo kuna gemu ya mpira. Akacheza kidogo, akaona wachezaji wanakwamakwama kama watu waliozama kwenye ugali, akaifunga.

"Hii ni maiti ya pili," akasema. "Baki nayo, shemeji."

Benita akainama kama mjane mwema. Hawakujua kwamba katika vitu vyote vya nyumba ile, laptop ndiyo pekee aliyoitaka.

Maana jioni Alexis akitoka kazini, mume na mke walikaa bega kwa bega wakicheza. Alexis alikuwa ameunda timu yao, akawapa wachezaji majina ya watu wetu. Kaka zake Benita waliobaki Uvira walikuwa mabeki. Mchungaji wetu alicheza katikati, na alikuwa anacheza rafu. Mimi aliniweka winga wa kushoto, nikapewa miguu ambayo hata ujanani sikuwa nayo. Benita alikuwa namba tisa, katikati ya wanaume wenye ndevu. Na golini alisimama Alexis mwenyewe, mrefu vilevile. Nguo za marehemu zimekwenda, picha zake ni mbili tatu, lakini humo ndani bado anapiga makofi na kurusha mpira.

Sasa mkewe anataka kumwona, na mashine haitembei! Mimi nikimpasia yeye mpira, ungeweza kubandika maharage, yakaiva, ukayala, ndipo mpira umfikie. Benita aliipiga laptop kofi. Aliitukana kwa Kifuliiru cha kwao, kwa Kifaransa, na kwa Kizulu kidogo alichojifunza sokoni. Eish, hiyo siku pasi ilichemka yenyewe.

Aliyemsaidia ni mteja wake, Kemunto, Mkenya anayefanya kazi benki. Alikuja kupima gauni. Benita alikuwa amemjaza pini kutoka kwapani hadi magotini, mikono ameitandaza, hawezi kukaa wala kuinama.

"Kwani hiyo laptop inachemsha chai?" Kemunto akauliza, maana feni ilikuwa inanguruma.

"Inanichemsha mimi," akasema Benita, pini mdomoni.

"Hata ya bwanangu Kip ilikuwa inasumbua hivyo. Mambo ya picha yako juu sana. Si ushushe?"

"Nishushe wapi? Chini ya meza?"

"Ingia kwa mipangilio, mama. Lakini kwanza itoe hapo juu ya vitambaa! Inapumulia tumboni, na wewe umeilaza juu ya vitenge. Iweke kwa mbao. Na chaja mbona umechomoa?"

"Umeme wa kulipia kabla, dada. Unaisha kama maji ya kikombe."

"Ukichomoa inabana nguvu. Chomeka."

Benita akachomeka, huku anasonya. Kemunto akaendelea kuagiza amesimama vilevile, kama sanamu la kufukuzia ndege, hata kichwa hageuzi. Kumbe gemu ilikuwa imejisasisha yenyewe kwenye mtandao, ikajipandishia kila kitu mpaka juu kabisa bila kuuliza wenyewe kama mashine inaweza.

"Unaona vivuli? Zima."

"Vivuli vya nani?"

"Vya wachezaji. Inachora kivuli cha kila mguu, kila saa. Inachoka."

"Mtu asiye na kivuli si mtu!" nikasema mimi kutoka mlangoni.

"Koko, nyamaza. Endelea, dada."

"Watazamaji wapunguze. Nyasi, weka chini. Nywele je?"

"Nywele zimefanya nini?"

"Inachora unywele mmoja mmoja."

Hapo Benita akasimama wima. "Mimi kichwa changu nimekisuka mwezi gani? Na hii inakaa inawachora wanaume unywele mmoja mmoja?" Akazizima kwa kidole kimoja, kwa chuki, kama mtu anayeua kunguni. Mwisho akapunguza ukubwa wa picha ngazi moja. Hakufanya yote kwa mpigo. Alizima kitu kimoja, akacheza kidogo, akarudi kuzima kingine, kama anavyofumua mshono bila kuchana kitambaa. Kemunto wa watu akabaki na pini zake mpaka mikono ikafa ganzi.

Tulipomaliza, wachezaji walikuwa na nyuso za viazi vya kuchemsha. Uwanja nusu mtupu. Nyasi zimekuwa kama sakafu iliyopakwa rangi. Lakini mpira! Mpira ulitembea! Mimi nilitoka winga kama mwizi aliyeonwa, nikampa namba tisa, namba tisa akafunga, na Alexis kule golini akarusha mikono juu. Benita alipiga kelele hadi vioo vya dirisha vikahama upande.

Angeishia hapo, tungelala salama. Jumapili baada ya ibada, furaha ikamfungua mdomo. Akawaambia akina mama kwamba laptop ya Alexis imepona, inakimbia kuliko mpya. Habari zikavuka kutoka benchi la wanawake kwenda la wanaume, na kabla hatujafika nyumbani, Joël alikuwa ametuma ujumbe wa sauti:

"Shemeji, nasikia maiti imefufuka. Jumamosi nakuja na baba mkubwa. Ile ni ya ukoo."

Benita aliusikiliza, akaurudia, akachukua mkasi mkubwa wa kukatia vitambaa. "Jumamosi atarudi Yeoville bila masikio."

"Ukimkata masikio watachukua na cherehani," nikamwambia.

"Alexis alipougua waliniletea hata ndizi? Huyo Joël alikuja hospitali? Nimeketi na hii mashine, nimeipoza kama mtoto mwenye homa, sasa imepona ndiyo ya ukoo?"

Alizunguka chumba mpaka zulia likapata njia. Halafu akasimama, akaitazama laptop, nami nikaitazama. Wazo lililofuata yeye anasema ni lake. Mimi nasema ni langu. Tuyaache hayo.

Jumamosi akawasha vivuli. Vya wachezaji, vya magoli, vya mwamuzi. Uwanja akaujaza watu, nyasi akaziotesha moja moja, nywele akamrudishia kila mmoja, picha akaikuza mpaka mwisho. Akachomoa chaja. Akailaza laptop juu ya vitenge, mlima mzima, kama bibi harusi.

Joël akaja na begi tupu begani, tayari. Nyuma yake baba mkubwa Elisée, shemasi, mzee wa ukoo, kofia mkononi. Tukawapa soda. Joël hakunywa, akakimbilia mashine.

Feni ikaanza. Nasema hivi: ile feni ilinyanyua karatasi za vipimo mezani, ikanyanyua pazia, ikamvalisha mzee Elisée kofia yake mwenyewe. Na uwanjani, Mungu wangu, uzuri gani ule! Jasho lilionekana shingoni. Ila hakuna aliyetembea. Joël akapiga mpira, mpira ukafikiri kwanza.

"Si walisema inakimbia?"

"Ilikimbia, shemeji," akasema Benita. "Labda imekuona."

Joël akaacha mchezo, akafungua orodha ya timu. Akasoma jina baada ya jina. "Mimi niko wapi?"

Mzee Elisée akavaa miwani, akasogea, akaanza kutikisika mabega. "Uko benchi, mwanangu. Chini ya mchungaji wa akiba."

Joël akawa mweusi usoni. Akaisukuma laptop. "Ndiyo maana alikufa vile. Mjinga. Mtu mzima ananunua takataka, anakaa anaandika majina ya watu."

Nikaona kifua cha Benita kinapanda. Mkono wake ukaanza kwenda kwenye mashine. Nilimjua. Angezima vile vivuli mbele yao, achomeke chaja, na kumfunga Joël mabao mpaka alie mbele ya mzee wake. Na laptop ingeingia kwenye begi jioni ileile. Nikamkanyaga mguu, kwa uzito wangu wote.

"Au nasema uongo, shemeji?" Joël akamsogelea. "Si takataka hii?"

Mkono wa Benita ukasimama.

"Takataka," akasema, na Joël akacheka.

"Joël, basi," akasema mzee Elisée. "Twende. Mjane abaki na kitu chake." Alipofika mlangoni akamtazama Benita kwa muda, kama mtu aliyesikia kitu kinachogongana ndani ya sanduku. Wakaenda, na begi tupu.

Nikapiga vigelegele! Nikacheza hapo uani, na kiuno changu hiki. Nilipogeuka, Benita alikuwa ananitazama kama ananipima sanda.

"Umenikanyaga mguu, nimemtukana Alexis ndani ya nyumba yake."

"Mwanangu, tumeshinda."

"Umeshinda wewe. Wewe hukusema lile neno. Nimelisema mimi, na huyo mbwa akacheka." Akafunga mlango. Kupitia ukutani nikasikia ile feni bado inanguruma. Hakushusha kitu. Aliiacha ihangaike mpaka ikazimika yenyewe.

Kesho yake tulipotoka kanisani hakunisalimu. Nikapika sombe, majani ya muhogo, nikasubiri. Mchana ule feni haikusikika, nikajua amezima vivuli. Ukasikika mpira, kisha filimbi, kisha sauti yake, na farasi wa kiwanjani wote wakasimama kusikiliza.

"Alexis! Unalala golini? Mpira unapita miguuni pako unautazama! Umeniachia ndugu zako wanibebee nyumba, sasa na goli pia unaliacha? Simama! Mtu mrefu hivyo wa bure!"

Tangu mazishi alikuwa hajawahi kumgombeza. Alimlilia, alimwombea, alimsifu mbele ya watu. Siku ile alimwambia yote, ya hospitali, ya koti la ngozi, ya kwenda kazini na baridi ile bila sweta wakati yeye alikuwa amemshonea. Na yule wa golini anarusha tu mpira, uso wa kiazi.

Nikasimama na sahani yangu ya sombe, nisijue nigonge au nirudi.

"Ingia, Koko," akasema bila kugeuka. "Usinisimamie mlangoni kama shemeji."

Nikaingia. Tulikuwa tumeshafungwa matano, na alikuwa hajamaliza kumgombeza.