Mchoro Uliotiwa Plastiki

Juzi, kwenye duka la fotokopi mjini Morogoro, fundi mmoja wa ujenzi, mtu mzima, alikuwa anatiliwa plastiki mchoro wa paa la chuma, maana mvua ya Bigwa, iliko saiti yake, haina huruma na karatasi. Nyuma yangu akaingia binti mwenye flashi mkononi. Alipouona mchoro ukitoka kwenye mashine, akashika mdomo.

"Shikamoo, baba. Huo niliuchora mimi, lakini ni wa zamani. Nguzo zimesogea."

"Marahaba. Zimesogea lini?"

"Leo asubuhi. Mpya uko humu kwenye flashi. Nikisogeza moja tu, programu ya kuchorea inabadilisha vipimo vyote yenyewe."

Fundi akapitisha kidole juu ya plastiki, bado ya moto. "Mbona huku havijabadilika?"

Binti aliomba mkasi, akaukata mchoro katikati, plastiki na vyote. Nikashusha pumzi.

"Na ule mwingine?" fundi akauliza taratibu.

"Upi?"

"Niliobandika saiti. Vijana wanachomelea tangu saa mbili."

Binti alitoka mbio, flashi akaiacha kaunta. Tunajisifu kwamba siku hizi programu inabadilisha kila kitu kwa sekunde. Sawa. Ila mchoro wa kule Bigwa ulikuwa unasubiri miguu yake, na nje hapakuwa na bodaboda hata moja.