Ng'ombe wa Biskuti Waliokwenda Kongo

Enzi zetu, sisi tuliolelewa na simu moja ya tochi kwa nyumba tatu, mtu akisafiri alikuwa amesafiri kweli. Hukujua amekula nini wala amelala wapi. Ulibaki unamwaza tu, na kumwaza kwenyewe kulikuwa kazi, kama kuchota maji. Siku hizi Limi, binti wa kaka yangu, akijikwaa kidole anampigia baba yake kwa video amwonyeshe. Baba mtu yuko kazini, anaonyeshwa kidole. Nacheka, lakini moyoni naona wivu kidogo.

Sisi tuliishi mwendo wa baiskeli kutoka mji mdogo wa Mhunze, Shinyanga, kwenye ardhi ile nyeusi inayonata kama gundi wakati wa mvua, na wakati wa jua inapasuka nyufa mpaka kuku anapoteza vifaranga. Asubuhi ulisikia ng'ombe kabla ya kusikia binadamu. Shuleni tulikwenda na mfuko wa michembe, viazi vitamu vilivyokatwa vikaanikwa, unatafuna njia nzima na meno yanapata mazoezi. Na mchezo wetu mkubwa, mtakumbuka, ulikuwa ng'ombe wa udongo. Kila mtoto na zizi lake la vijiti. Tulifinyanga, tukaanika, tukachunga, tukaibiana, tukalipana mahari. Mimi nimeolewa mara nyingi sana kwa ng'ombe wa udongo, na hakuna mume hata mmoja aliyenitesa.

Aliyenifundisha kufinyanga ni kaka yangu Luhende, mkubwa wetu. "Anza na nundu, Minza," alikuwa akiniambia. "Ng'ombe asiye na nundu ni mbuzi aliyeshiba." Alichunga tangu anajua kutembea, na hata alipokwenda jeshini, akija likizo alipita zizini kwanza ndipo aingie ndani kusalimia watu. Mama alikuwa akisema, "Basi walale nawe hao hao, chakula wakupikie wao."

Ng'ombe wetu hawakuwa wengi wa kujivunia, lakini kila mmoja alikuwa na jina lake. Pamba, mweupe mwili mzima. Ramani, mwekundu mwenye baka jeupe ubavuni. Redio, mweusi, aliyelia tangu alfajiri mpaka jirani analalamika. Soksi, mwenye miguu myeupe. Na wengineo, mpaka Safari, ndama wa Pamba, aliyezaliwa wiki ileile ambayo kaka aliondoka kwenda Kongo kulinda amani. Alikuwa mweupe kama mama yake, na jicho moja limezungukwa na kahawia kama mtu aliyepigwa ngumi.

Ng'ombe hao walikuwa mahari. Kaka alikuwa amemwona Kabula, binti wa kijiji cha pili, mcheshi, mrefu, anayejua kuimba huku anapalilia. Wazee walishakaa wakaelewana: Luhende akirudi Kongo, ng'ombe wavuke bonde waende kwa wakwe, Kabula avuke aje kwetu.

Sasa ikaja habari kwamba mke wa askari mwenzake kaka, pale Shinyanga mjini, anakusanya vifurushi vya kupelekewa vijana wetu. Kila nyumba ilete kitu cha nyumbani kisichooza. Mama akawaza michembe na karanga, lakini akaona haitoshi. Akaenda Mhunze kwa rafiki yake Mama Rehema, mwanamke wa Tanga aliyeolewa na mnunuzi wa pamba, ambaye sikukuu za Idi biskuti zake zilinukia hiliki mpaka barabarani.

Mama Rehema akaja kwetu na unga, siagi na maneno mengi. Alifika jioni akatusalimia "mwangaluka," salamu ya asubuhi, tukacheka mpaka tukakaa chini. "Chekeni tu," alisema, "mie nikijua Kisukuma chenu chote nitakosa la kukosea." Akatufundisha. Sufuria kubwa, mchanga chini, trei juu ya mchanga, mfuniko, mkaa juu, mkaa chini. Alipouliza tukate umbo gani, nyota au moyo, sisi watoto tukajibu kwa pamoja: ng'ombe.

"Jamani Wasukuma," akasema Mama Rehema, "hata biskuti mnataka ziwe na pembe."

Fundi wa makopo akatukunjia bati la kopo la siagi likawa ng'ombe, nundu na pembe vipo. Safari alikuwa mdogo, bati halikumfaa, hivyo mimi nikakata kielelezo chake kwenye ganda la daftari, nikawa naweka juu ya unga na kuzungusha kisu. Rangi tulizitafuta wenyewe. Sukari tuliitwanga kwenye kinu tukaichekecha kwa kitambaa, tukaikoroga na ute wa yai na ndimu ikawa nyeupe inayong'aa. Kahawia ilitoka kwenye kakao. Nyekundu, maua ya rozela. Nyeusi, sukari iliyounguzwa mpaka Mama Rehema akafungua milango yote.

Ng'ombe waliporudi malishoni tukabeba trei tukaenda nazo zizini, tukachora kwa unyoya wa kuku huku tunawatazama. Baba, mtu asiyependa mchezo, alikuja akasimama nyuma yangu. "Baka la Ramani limeshuka chini zaidi ya hapo," akasema. Nikafuta, nikarudia. "Sawa. Huyo ni yeye." Redio alilamba biskuti moja, na ikawa ni ya Soksi, tukasema wameanza ugomvi. Mama aliwapanga kwenye ndoo ya plastiki, katikati yao akaweka pamba mbichi ya shambani wasivunjike.

Kaka alipiga simu kwa Mama Rehema, tukaenda wote tukaizunguka. Alisema ng'ombe wamefika, amewapanga kitandani, wenzake wamekuja kuwaona kama mnadani. Alisema anakula michembe, ng'ombe hawezi kuwala, bado anawatazama. Mama alilia kwa furaha, akafuta machozi kwa khanga ya Mama Rehema badala ya yake.

Kisha jua likawaka, na mvua iliyozoeleka ikakataa kuja. Wanaotoka kwetu hawahitaji kuelezwa. Kwanza nyasi ziliisha njiani, halafu hata ngitili, lile eneo tunalotunza kwa ajili ya kiangazi, likabaki vumbi. Lambo likawa tope, tope likawa vigae. Redio alinyamaza. Nadhani hapo ndipo nilipoogopa, alfajiri ilipokuwa kimya. Wengine walilala hawakuamka, tukajaribu kuwanyanyua kwa mikono, mtu mzima na mtoto, wapi. Waliobaki Baba aliwaswaga mnadani wakiwa mifupa, wakaondoka kwa bei ya ngozi. Safari alikufa kabla mama yake hajauzwa.

Baba alishinda kwenye zizi tupu siku nyingi. Kisha akatuita mimi na Mama. "Nakwenda machimboni Geita. Nitanunua wengine kabla hajarudi. Huyu mtoto yuko kwenye risasi, asipelekewe msiba wa zizi. Nitamwambia mwenyewe, likishajaa." Akafunga blanketi akaondoka na vijana waliokuwa wanakwenda kuchimba dhahabu.

Kwa hiyo kifurushi cha pili tulikifanya bila kwenda zizini. Tulikaa jikoni, Mama, Mama Rehema na mimi. Nilichora Pamba, Ramani, Redio, wote, kichwani nilikuwa nao. Nilichukua ganda langu la daftari nikamkata Safari na jicho lake la ngumi. Kazi ilikuwa nzuri kuliko ya kwanza, nilikuwa nimepata mkono. Mama aliwatazama kwenye trei, akatoka nje, akarudi baadaye na kuni ambazo hatukuzihitaji. Mama Rehema, ambaye mdomo wake haukuwahi kupumzika, siku hiyo alipepea mkaa tu.

Kaka akapiga simu. Aliuliza, "Mama, Safari hajambo?"

"Hajambo mwanangu. Anarukaruka tu."

Kaka akauliza tena. "Bado anaruka?"

"Bado."

"Haya. Msalimieni Baba. Biskuti tamu."

Tukatuma na cha tatu vilevile. Baba kule machimboni alikuwa akituma salamu kwa wapitao: shimo linaelekea kuzuri, mwamba umebadilika rangi, wiki mbili hizi. Wachimbaji huishi kwa wiki mbili. Dhahabu haikuja, kikohozi kikaja. Na baba yake Kabula naye alingoja. Alingoja sana, kwa haki simsemi vibaya. Lakini zizi letu alikuwa analiona kwa macho yake kila akipita kwenda mnadani, na hakuna mtu wa kwetu aliyekwenda kusema neno. Mavuno ya mwaka uliofuata Kabula akaolewa Kahama, na mtu mwenye pikipiki za bodaboda. Alipopita kutuaga, Mama alimpa biskuti. Kabula akaitazama, akaifunga kwenye pembe ya khanga kama mtu anayefunga hela.

Kaka alirudi mchana, begi la jeshi begani. Kama kawaida yake akapita zizini kwanza. Humo Mama alikuwa amepanda maboga. Samadi ya miaka mingi ile, maboga yalikuwa makubwa kama mitungi, yametambaa mpaka juu ya miti ya uzio. Kaka alisimama mlangoni pa zizi muda mrefu. Mama alitoka na khanga mdomoni.

"Shikamoo Mama," akasema kaka. "Maboga yamestawi."

"Marahaba mwanangu. Yamestawi."

Akaingia ndani kuweka begi. Baba aliporudi kutoka Geita, siku chache baadaye, amekonda na kucha zimeliwa na mawe, alimkalisha kaka kwenye kigoda mbele yake. "Luhende, zizi limekufa. Nilitaka kulirudisha, nimeshindwa." Na kaka akashika kichwa, akasema "Pole, Baba," kama mtu anayesikia habari hiyo kwa mara ya kwanza. Alimwacha Baba aeleze yote, ng'ombe mmoja mmoja.

Mimi nilijua ukweli baadaye tukiwa lamboni, namsaidia kufua nguo zake. Nilimwuliza kama aliumia sana kuona maboga.

"Nilianza kujua tangu kifurushi cha pili," akasema.

"Nani alikwambia?"

"Safari. Hakukua. Mara ya kwanza ndama, mara ya pili ndama, mara ya tatu ndama, na Mama anasema anaruka. Ndama gani wa umri ule anaruka? Angekuwa mtamba anayetafuta dume. Na Pamba hajazaa tena, Soksi hana ndama, hakuna aliyeongezeka. Ulikuwa umewachora vizuri mno, Minza. Walikuwa vilevile. Zizi lililo hai halikai vilevile."

Nilishika shati lake kwenye maji, sikulifua wala sikuliachia. "Mbona hukuuliza?"

"Zizi ni la Baba. Mtoto hasemi limekufa kabla mwenyewe hajasema. Nilikuwa nangoja aseme, nimtume mjomba kwa wakwe akaombe muda. Nitamtuma mjomba na habari ambayo sijapewa?" Akakamua soksi zake taratibu. "Halafu ningeuliza, mngejua kuwa nimejua. Mngeacha kutuma. Na mimi kule sikuwa na kitu kingine cha nyumbani."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Sisi tulimficha tusimuumize, yeye akanyamaza asimwaibishe Baba, na katikati ya upendo wote huo Kabula akapanda pikipiki. Nimelifikiria jambo hili miaka mingi na sijapata mtu wa kumlaumu. Ningempata ningepumzika.

Sasa hivi naishi Kahama, upande wa barabara ya Buzwagi. Nina jiko la gesi lenye oveni, naoka biskuti na keki za watu, na nina ndoto ya duka lenye kioo mbele, watoto wabandike pua zao. Wateja wananitumia picha kwenye simu: wanataka moyo, wanataka mpira, wanataka jina la mtoto. Nikiambiwa ng'ombe, ni yule mweusi na mweupe wa kwenye pakiti ya maziwa, hana nundu. Mahari nayo inaingia kwa simu, mkwe anasikia mlio tu, hakuna wa kukagua pembe. Ndivyo kaka alivyooa, na mke wake ni mtu mwema, tunapendana. Wanaishi kambini mbali kusini. Limi akija likizo ananisaidia kupaka rangi. Mwaka mmoja alimwinua Ramani wa biskuti akauliza, "Shangazi, huyu mbwa mbona ana pembe?"

Kila mwisho wa mwaka naoka wale wa nyumbani, natuma kwa basi ndani ya pamba ambayo Mama bado ananiletea. Lile ganda la daftari nililichoma zamani. Safari nimekuwa nikimkata kwa mkono, kila mwaka namwongeza kidogo. Nikampa pembe. Nikamnenepesha. Nikampa ndama wake, na ndama wake akapata ndama. Kaka hajawahi kusema lolote kuhusu hilo, anapiga tu na kusema biskuti tamu.

Mwaka huu, kabla sijaanza kukanda, nilimpigia nikamwuliza nimchoreje Safari, maana sasa ni bibi.

Nilimsikia Limi nyuma yake akicheka na katuni. Kisha akasema polepole, "Minza, ng'ombe wa umri huo angekuwa hayupo zizini kwetu. Angeshavuka bonde kitambo, kwa kina Kabula."

Nikamwelewa. Nimeoka wengine wote, Pamba, Ramani, Redio, Soksi. Jana nimewapanga kwenye ndoo, na pale alipokuwa akikaa Safari nimejaza pamba.