Bia ya Yeremia na Dawa ya Ajwang

Pombe ya kwanza aliyopika Yeremia Otuoma, fundi wa friji pale Buhongwa, ilimtia aibu. Aliiacha ichachuke chumbani kwenye joto, ikatoka na harufu ya ndizi zilizoiva kupita kiasi. Rafiki yake Revocatus, aliyewahi kufanya kazi katika kiwanda cha bia, alionja akaenda kutema nje.

"Hamira ya laga, hii bia ya baridi, haitaki joto," alimwambia. "Ipe digrii kumi, kumi na moja, ifanye kazi polepole. Ikimaliza, shusha joto mpaka sifuri, uiache itulie wiki kadhaa. Kama huna subira, baki na ndizi zako."

Yeremia akafufua friji moja kuukuu, akaifungia kidhibiti joto, akapanga ndoo zake ndani. Tangu hapo aliamka akichungulia kipimajoto kabla ya kunawa uso.

Wakati huo aliishi na dada yake mkubwa, Ajwang, mjane aliyetoka Shirati kufuata kliniki ya kisukari. Insulini yake aliitunza kwenye chungu kilichozungushiwa mchanga wenye maji, kama manesi walivyomfundisha. Yeremia alimcheka.

"Nyumba ya fundi friji, dawa inakaa chunguni? Watu watanionaje, dada?"

Akazichukua zile chupa ndogo akaziweka mwenyewe nyuma ya ndoo. Ajwang akamshukuru.

Bia ilipomaliza kuchachuka, Yeremia alishusha joto, akalipitisha kidogo chini ya sifuri ili bia iwe safi zaidi. Kwa kilevi chake bia haikuganda. Dawa iliganda. Asubuhi moja alizikuta chupa zote zimekuwa barafu. Alizishika kiganjani mpaka zikayeyuka, akaziinua kwenye mwanga, akaona maji maangavu kama mwanzo. Angemwambia Ajwang, angeombwa apandishe joto, na bia ilikuwa bado haijatulia. Akazihamishia mlangoni mwa friji, akanyamaza.

Ajwang akaendelea kujidunga. Kiu ikamrudia, na kidonda kidogo cha kidole cha mguu kikakataa kupona. Siku Yeremia alipowaita watu kuonja bia, Ajwang alipita akichechemea na jagi la maji.

"Huyo anakula maembe kwa siri," Yeremia aliwaambia wageni. "Halafu dawa ndiyo inalaumiwa."

Wageni walicheka. Revocatus akasema bia sasa imekuwa bia. Ajwang aliingia ndani, na kuanzia siku hiyo akawa anapunguza hata ugali, akiamini labda kweli kosa ni lake.

Kidonda kikaoza. Hospitalini daktari aliuliza dawa ilikuwa inatunzwa wapi.

"Kwenye friji ya mdogo wangu," Ajwang alisema, kwa fahari kidogo. "Ni fundi."

"Haikuwahi kuganda? Ikiganda imekufa, hata ikiyeyuka."

"Haikuwahi," Yeremia alijibu.

Walimkata mguu chini ya goti.

Ajwang aliporudi nyumbani na dawa mpya, Yeremia alimpokea mfuko getini. Friji ilikuwa na bia nyingine, inatulia kwenye baridi.

"Hizi weka kwenye chungu chako, dada," alisema. "Mle ndani zitaganda tena."

Ajwang alisimama na magongo yake.

"Tena?"

Yeremia alihamishia mfuko wa dawa mkono wa pili.

"Uliziona?"

"Niliziona. Ziliyeyuka, dada. Zilikuwa safi kabisa, nikadhani…"

"Ukawaambia watu nakula maembe."

Hakupiga kelele. Alimwomba jirani amfungie nguo, na kesho yake akapanda basi la Shirati. Yeremia alitaka kumshika mkono apande ngazi. Ajwang aliuvuta mkono wake, akapanda akiburuta makalio, ngazi baada ya ngazi, abiria wakimtazama.

Bia ya Yeremia inasifiwa sana siku hizi. Watu wanatoka mpaka Misungwi kuiagizia harusi, na yeye huwaeleza habari za baridi na subira.

Siku za Jumapili humpigia simu dada yake. Ajwang hupokea.

"Shikamoo, dada."

Hajibu, wala hakati. Huiweka simu mezani, na Yeremia huku Buhongwa husikiliza kuku, sufuria, na sauti ya dada yake akiongea na majirani kwa uchangamfu, mpaka salio linapoisha.